Nilivyomlea mpwa wangu, ukoo ukiwa na hofu

Mpwa wangu alipoletwa kwangu Newala, kesi ya baba yake wa kambo kumfanyia ukatili wa kingono ilikuwa imeshafika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa desturi zetu Wamakonde, mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, hivyo hakuna aliyenizuia kumchukua. Kilichopingwa ni yeye kulala nyumba moja na wanangu wadogo. Kwenye kikao cha ukoo mdogo wangu hakuficha: "Kaka, aliyefanyiwa naye atafanya."

Hofu hiyo hata mimi nilikuwa nayo, nikampelekea afisa ustawi wa jamii. Alinieleza kwamba watafiti wa Uingereza waliwafuatilia wanaume 224 waliofanyiwa ukatili wa kingono utotoni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa 26 kati yao ndio waliokuja kutenda makosa kama hayo. Hatari iliongezeka kwa waliotelekezwa, waliokosa uangalizi na walioshuhudia ugomvi mkali wa kifamilia. Naye Cathy Spatz Widom wa Marekani, katika utafiti wa mwaka 2015, alikuta kwamba vipigo na kutelekezwa utotoni vilihusiana na kukamatwa baadaye kwa makosa ya kingono, ilhali kufanyiwa ukatili wa kingono hakukuonyesha uhusiano wa wazi.

Basi nikajua pa kuweka nguvu zangu. Fimbo niliiondoa nyumbani kwa watoto wote, jambo lililomkera mama yangu kuliko mtu yeyote. Kila mtoto alipata mkeka na chandarua chake, na kanuni zikawa za wote ili kijana asijione mtuhumiwa. Msimu wa korosho, watu wazima wanaposhinda shambani na watoto kubaki wenyewe, nilikwenda naye kuokota. Ushauri nasaha aliendelea kuupata hospitalini.

Kazi kubwa ilikuwa jando, kwa kuwa huko angekaa mbali na macho yangu pamoja na wavulana waliomzidi umri. Nilizungumza mapema na msimamizi, tukakubaliana kwamba hatachapwa na kwamba nitalala kambini mwenyewe, ingawa wazee wengine walicheka. Mdogo wangu alimleta mwanawe jando hilohilo, lakini mpaka leo akipiga simu huuliza kwanza nani analala chumba kipi, nami humjibu bila kukasirika.