Siku niliyoiogopa achari ya bibi

Mwaka huo nilikuwa atachimenti kwenye lebu moja hapa Mombasa, kazi yenyewe kuosha chupa kwa asidi na kupima mchicha na mchele, sasa siku moja nikaona wacha nijaribu achari ya bibi, ile ya ndimu anayouzaga Ramadhani huko Mji wa Kale, nilitaka tu nimpelekee karatasi nimwambie bibi ona, achari yako safi.

Nikapima nusu gramu, nikatia asidi ya naitriki, ikapikwa kwenye maikrowevu ya lebu (si hii ya kupashia wali) mpaka ikayeyuka yote, nikajaza maji hadi mililita 50. Mashine ni ICP-MS, ndani kuna plazma, yaani gesi ya agoni iliyochemka mpaka inawaka, joto la digrii maelfu, kitu chochote kinavunjika kuwa atomu zenye chaji halafu zinahesabiwa kwa uzito wake. Madini ya risasi, hamna. Kadimiamu, hamna. Aseniki, ipo!

Wallahi nilitoka jasho. Ile ni sumu, na mie achari hiyo naila tangu sina meno. Blanki (asidi na maji yale yale bila achari) ilikuwa safi kwa hivyo si uchafu wangu. Usiku bibi kaweka pilau na kibakuli chake, nikasema tumbo linanisumbua. Sikulala, nawaza kisima, nawaza ndimu, nawaza mpaka sufuria.

Asubuhi mzee wa lebu ndimu hata hakuziuliza. "Chumvi anatia kiasi gani?" Mzee, si ni achari, chumvi ndo yenyewe! Akashika kalamu: agoni 40, klorini 35, jumla 75. Na aseniki uzito wake 75. Yaani agoni ya mashine imeoana na klorini ya chumvi, mashine nayo inahesabu uzito tu, haijui nani ni nani. Akaniambia nikoroge chumvi ya dukani na maji matupu, tukapima, aseniki hiyoo. Halafu akafungulia gesi ya heliamu kwenye seli ya mashine, kichumba wanachopitia kabla ya kuhesabiwa, sasa ile pea ya agoni na klorini, kwa vile ni nene, inagongana zaidi na heliamu, inaishiwa nguvu njiani, aseniki ya kweli inapenya. Achari tukairudia, namba ikaanguka mpaka karibu na blanki.

Jioni nikamsimulia bibi yote, akanisikiliza kimyaa, kisha akanisogezea kibakuli.

"Na tumbo jee, limepona?"