Uji wa baba
Baba ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, na tangu mwaka jana hawezi kumeza bila kupaliwa, kwa hiyo chakula chake kinapita kwenye mpira wa tumboni. Nilijiona mjuzi. Si mimi niliyelea watoto watatu kwa uji wa lishe?

Wiki ya kwanza nikapika uji wa uwele na karanga, mzito kama anavyoupenda. Mpira ukaziba. Nikauzimua kwa maji, ukapita vizuri, ila mzee akaanza kukonda. Jamani, nilikuwa namjaza maji tu!

Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenikumbusha kimea. Ndiyo, kimea kilekile cha kutengenezea pombe. Uji ukiiva naupooza kidogo, natia kijiko cha unga wa kimea cha mtama, nakoroga, na uzito unalainika wenyewe bila kuongeza maji. Nauchemsha tena, namimina maziwa na mafuta ya alizeti (Dodoma hii hayakosekani), nasaga kwenye blenda, nachuja mara mbili. Siku nyingine nasagia na yai la kuchemsha. Maziwa na mayai nayatenga na saa ya levodopa, dawa yake ya Parkinson, maana protini hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Akila anakaa wima, na akimaliza habadilishi mkao kwa nusu saa au zaidi. Kabla na baada napitisha maji ya uvuguvugu kwa sirinji.

Jana kaniuliza, kwa sauti ya kunong'ona, mlenda lini. Mlenda, baba, kwenye mpira!