Shika kamba, mama

Mwaka 1997, likizo ya Juni, nilikuwa nashinda ufukweni Bagamoyo kwenye ngalawa ya mjomba. Siku hiyo ilikodiwa na mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, mwalimu mstaafu, aliyetaka kufika kwenye fungu la mchanga la Mwambakuni. Mimi nilikuwa kidato cha pili, basi nikawa mkalimani.

Kusi lilikuwa linavuma. Tulipotaka kubisha, yaani kugeuza ngalawa kuukabili upepo, mjomba akasema, "Mjomba, mwambie mgeni ashike kamba."

Kwangu mimi kushika kulikuwa na Kiingereza kimoja tu. Nikapaza sauti: "Mama, catch the rope!"

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kamba. Akauondoa, akanigeukia, akakinga viganja viwili mbele ya kifua. Alikuwa anangoja nimrushie. Ngalawa ikalala upande, naye akaenda chini, goti likagonga ukingo. Lilimtoka damu. Nilimwomba radhi hadi sauti ikanikauka.

Alijifunga leso gotini, akaivuta ncha ya kamba, akaanza somo pale pale. Akailaza kiganjani bila haraka: "hold". Kitu kimo mkononi, kimetulia. Akaikaza hadi vifundo vya vidole vikawa vyeupe: "grip". Akaiachia, akaivamia ghafla: "grab". Akampa mjomba, kisha akampokonya: "snatch". Mwisho akaniambia niirushe, akaidaka hewani: "catch". Hapo nikaelewa kwa nini alikinga mikono.

Mjomba hakuwahi kukaa darasani ila chuoni, kwenye Kurani. Akiwa ameshika kana, ule mti wa kugeuzia usukani, alikuwa anaifuata ile mikono kwa macho na kutaja: kushika, kukaza, kunyakua, kupokonya, kudaka. Hakukosea hata moja. Mama alipoikumbatia kamba kifuani kwa mikono miwili na kusema "clutch", mjomba alifikiri kidogo. "Kung'ang'ania," akasema, "kama mtu anayezama." Likaja "grasp", na hilo mama akaligongea kwenye paji la uso: kupata kitu kwa akili. Mjomba hakunisubiri nitafsiri. "Kushika somo hilo."

Miaka miwili nilikuwa nakariri Kiingereza kama lugha yenye utajiri ambao sisi hatuna, na mtu niliyekuwa nakula naye kila siku alikuwa nao wote mdomoni.

Mwambakuni maji yalikuwa yametoka. Mjomba akachota mchanga, akaufunga ndani ya vidole vitano, akamnyooshea mama ngumi yake. Hii je? Mama akajaribu neno moja, akalikataa mwenyewe. Akajaribu jingine. Mwishowe akatumia sentensi nzima.

"Kufumbata," mjomba akamwambia, akammiminia ule mchanga kiganjani.

"Fumbata," mama akasema, akakunja vidole polepole, kimoja kimoja.