Kivuli cha vuli: kumbukumbu ya fimbo ya uwanjani

Shule yetu ina watoto 19 na vyumba viwili. Chumba changu kina darasa la kwanza hadi la sita, wote pamoja, na kwa miaka yote niliyofundisha hapa nimekuwa nikitafuta kazi moja ambayo mtoto wa miaka sita na wa miaka kumi na miwili wanaweza kuifanya bega kwa bega bila mmoja kumsubiri mwenziwe. Msimu huu wa vuli, wakati huku kwetu majani hubadilika rangi na kuanguka, nimeamua kujaribu kivuli. Fimbo moja, mahali pamoja, kila Ijumaa adhuhuri, na majani ya miti miwili ya uwanjani kama kazi ya pembeni. Naandika hapa ili nisisahau.

5 Septemba

Tumeisimika fimbo kwenye sakafu ya saruji nyuma ya darasa, kwenye ndoo iliyojazwa mchanga na mawe. Kutoka saruji hadi ncha ni sentimita 100 kamili. Nilitaka namba hiyo ili wadogo waweze kulinganisha kwa macho tu.

Swali la kwanza lilikuwa: adhuhuri ni saa ngapi? Wote wakasema saa sita. Tukapima kila baada ya dakika kumi, lakini karibu na adhuhuri kivuli hakibadiliki sana na kila mmoja aliona jibu lake. Basi tukafuta, tukachora duara la nusu kipenyo cha sentimita 90 kwa kamba na chaki, fimbo ikiwa katikati. Ncha ya kivuli iliingia ndani ya duara saa tano na dakika 56, ikatoka saa nane na dakika 34. Wa darasa la sita wakatafuta katikati: saa saba na robo. Hiyo ndiyo adhuhuri ya kweli hapa kwetu, na mstari kutoka kwenye fimbo hadi katikati ya zile alama mbili unaelekea kaskazini. Hawakuamini mpaka waliporudia hesabu mara mbili.

Kivuli kifupi kabisa cha leo: sentimita 79. Mvulana wa darasa la kwanza alilala kando yake, kikamfika kifuani.

12 na 19 Septemba

87, kisha 95. Sina mengi ya kuandika. Zamu zimekaa sawa: wa darasa la kwanza na la pili wanashika kamba na kuita, wa tatu na wa nne wanasoma tepu, wa tano na wa sita wanaandika na kuchora grafu kwenye karatasi ya manila ukutani. Mti wa mepo (maple), mmoja wa ile miwili ya uwanjani, bado ni kijani.

22 Septemba

Leo si Ijumaa, ila ni ikwinoksi, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, kwa hiyo tulitoka. Kivuli: 100. Fimbo na kivuli chake vimelingana.

Nilikuwa nimengoja siku hii tangu tuchanganye ule mchanga. Siku ya ikwinoksi jua la adhuhuri liko wima juu ya ikweta, na kadiri unavyokaa mbali na ikweta ndivyo kivuli chako kinavyorefuka. Kivuli kikilingana na fimbo, pembe ni nyuzi 45, yaani tuko katikati kabisa ya safari kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini. Msichana wa darasa la tano aliichukua tufe ya dunia, akaweka kidole nusu ya njia, akakizungusha kidole hicho dunia nzima. Alikuwa amejipata kwenye ramani kwa fimbo na tepu peke yake. Sikusema kitu kwa muda.

Kuna tatizo moja. Ncha ya kivuli haina ukingo mkali. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa kama nusu digrii, kwa hiyo mwisho wa kivuli unafifia kwa sentimita mbili hivi na kila msomaji anachagua mahali pake. Tumebandika kadi yenye tundu dogo juu ya fimbo, tundu likiwa sentimita 100 kutoka chini. Sasa katikati ya kivuli cha kadi kuna doa la mwanga, na tunapima hadi katikati ya doa.

3 Oktoba

Wiki iliyopita 105. Leo 121.

Msichana wa darasa la nne alisimama mbele ya manila akasema, "Mwalimu, hii imeruka." Kweli. Kila wiki kivuli kimekuwa kikiongezeka sentimita nane au kumi, na leo kimeongezeka kumi na sita. Wakubwa walitaka kuamini kwamba jua limeharakisha. Yeye akaenda nje peke yake akaiangalia fimbo. Tukatengeneza timazi kwa uzi na jiwe, tukaining'iniza kutoka nchani: fimbo ilikuwa imeinama kuelekea kaskazini. Mpira wa mapumziko, bila shaka, na mwenye kosa alijitokeza kabla sijauliza.

Fimbo imenyooshwa. Namba 121 haikufutwa, imezungushiwa duara jekundu na kuandikwa pembeni "fimbo ilipinda". Kuanzia leo timazi inatangulia tepu kila wiki, na hiyo kazi ni ya darasa la kwanza. Wanaifanya kwa uzito mkubwa, wakizuia pumzi ili uzi usitikisike.

10 Oktoba

127. Na majani yameanza.

Wiki hii tulisaga majani ya mepo yaliyo bado kijani kwenye kinu kidogo, tukaongeza spiriti, tukaning'iniza vipande vya karatasi ya kuchujia. Mara ya kwanza tulipata uchafu tu, kwa sababu hatukusaga vya kutosha na tulizamisha karatasi mno. Mara ya pili walisaga mpaka mikono ikachoka. (Madirisha wazi, hakuna moto chumbani, spiriti naishika mimi.) Baada ya kama nusu saa mstari wa kijani ulikuwa umepanda, na juu yake, mbele ya kijani, utepe mwembamba wa manjano.

Hapo ndipo nilipowaambia: manjano ilikuwamo muda wote. Klorofili, rangi ya kijani ya jani, ndiyo iliyokuwa ikiifunika, na mti ukiacha kuitengeneza siku zinapofupika, karotenoidi, yaani rangi za manjano, zinabaki kuonekana. Wekundu ni jambo jingine. Huo hutokana na antosianini, rangi nyekundu ambayo majani ya mepo huitengeneza upya wakati huu wa mwisho. Mtoto wa darasa la pili alichukua jani la kijani kutoka mezani, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalikodolea macho muda mrefu akitafuta ile manjano ndani.

17 Oktoba

Mawingu. Hakuna kivuli.

Chumba kilinuka makoti mabichi, viatu vya mvua vimepangwa mlangoni, na sisi tukabishana kuhusu nafasi tupu kwenye grafu. Wengine walitaka tukisie. Mimi nilisema hatuandiki tusichokiona. Ulikuwa ubishi mzuri, sikutaka kuukata kwa kengele.

Kwa kuwa tulikuwa ndani, niliwasimulia habari za Eratosthenes, aliyeishi Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alijua kwamba huko Syene, ambayo leo ni Aswan, jua la adhuhuri la siku ndefu kuliko zote huwa wima na kivuli hutoweka. Siku hiyo hiyo Aleksandria kivuli kipo, na pembe yake ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi mzingo wa dunia ni umbali wa miji hiyo miwili mara hamsini. Wa darasa la sita walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama tunaweza kumwomba mtu aliye kusini yetu asimike fimbo. Nimeandika barua kwa mwalimu mmoja ninayemfahamu.

24 Oktoba

153. Tumerudia lile zoezi la duara, safari hii kubwa zaidi, na adhuhuri imetokea saa saba kamili. Robo saa mapema kuliko mwezi Septemba! Jambo hili nililisoma zamani: mzunguko wa dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua hutangulia saa au huchelewa kulingana na wakati wa mwaka. Kulisoma ni tofauti na kuliona limechorwa kwa chaki chini ya miguu yako.

Ubishi wa wiki iliyopita umekwisha kwa namna ambayo sikuitegemea. Mvulana wa darasa la sita alichora mstari wa nukta kupita juu ya nafasi tupu, si mstari mzima. "Hapa hatukuona," alisema, "ila kivuli lazima kilipita." Nimekubali. Ana haki, na mimi nilikuwa mkali kupita kiasi.

7 Novemba

Wiki iliyopita 168, leo 183. Saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama ifanywavyo huku kila vuli, na watoto walitarajia kivuli kibadilike nazo. Hakikubadilika, ila sasa adhuhuri yetu inaangukia saa sita.

Mepo umebaki mtupu. Tumekusanya majani kwa reki na toroli tukayatia kwenye zizi la waya kwa ajili ya mboji. Itachukua mwaka mmoja au miwili kuiva, na wa darasa la sita wanajua wataondoka kabla, lakini ndio waliojaza zaidi. Mwaloni, ule mti wetu wa pili, bado umeshikilia majani yake makavu ya kahawia. Mialoni michanga hufanya hivyo.

21 Novemba

Wiki iliyopita 198. Leo 213, na doa la mwanga limetoka kwenye saruji, liko kwenye nyasi. Hata hilo doa limefifia na kupanuka, maana jua liko chini na miale inaanguka kwa mshazari. Tumeweka ubao bapa kwenye nyasi ili kupima sawasawa.

Yule mvulana aliyelala kando ya kivuli Septemba aliomba kulala tena. Tukatandika gunia. Kivuli kilimpita mbali, akamwita mwenzake wa darasa la kwanza alale kuanzia kichwani pake. Wakiwa wawili kwa mstari, doa liliangukia kwenye goti la wa pili. Wanasema tarehe 21 Desemba litafika kwenye soksi zake. Nimeandika utabiri wao kwenye manila, kwa mstari wa nukta.