Benzi ya Mjomba Ilipokwenda Upande

Springi ya nyuma ya Benzi ya mjomba ilikatika usiku wa manane, gari limeegeshwa, hamna mtu ndani. Tulisikia "paa!" moja tu. Mkaza mjomba akasema nazi imeanguka kwenye mabati ya jirani, tukarudi kulala. Asubuhi tukalikuta gari limekalia tako moja.

Chumvi ya Mombasa ndiyo ile. Springi za gari kama lile hupenda kukatikia chini, pale zinapokaa ndani ya bakuli la chuma, kwa kuwa tope na maji yakishaingia mle hayana haraka ya kutoka. Kutu hutafuna polepole, na siku ya siku chuma huachia, hata kama gari halikupita shimo lolote.

Ilikuwa 2004, nami nina miezi minne nikiwa spanaboi kwenye gereji moja ya uchochoroni karibu na Makupa. Miezi minne ni kipindi cha hatari: umeshajua majina ya spana zote, na hujajua kingine chochote. Fundi wangu alikuwa amekwenda Malindi mazikoni. Mjomba akaniuliza kama naweza. Nikasema naweza.

Gari lenyewe lilikuwa 200 ya 1982, rangi ya maziwa, ile aina iliyoitwa W123, ambayo Wajerumani walianza kuitoa 1976 na kuuza karibu milioni 2.7. Mjomba aliinunua kwa kiinua mgongo chake cha bandarini, na mtaani kwetu maharusi wengi walikuwa wameshapanda kiti chake cha nyuma. Ijumaa ile ilikuwa zamu ya binti yake mwenyewe, kupelekwa Ukunda. Maana yake, wakati ule, ilikuwa kuvuka kwa feri ya Likoni. Na Ijumaa yenyewe ilikuwa bamvua, siku za maji ya bahari kujaa na kupwa kupita kawaida. Siku za bamvua, saa nne asubuhi maji huwa yamekupwa hasa, ile njia ya kushukia ferini inakuwa mteremko mtupu, na gari lililolala nyuma huacha ekzosi pale pale mbele ya macho ya watu.

Nikaenda kununua springi. Mwenye duka akatoa mbili. Nikamwambia iliyokatika ni moja. Akasema yeye haziuzi mojamoja: ile nzima imeshabeba mzigo miaka ishirini na mbili, imechoka, ukiiweka na mpya gari halitakaa sawa. Kisha akaniuliza kama raba za juu nazitaka. Nikasema za zamani bado nzima. "Basi angalia usizichanganye," akasema, nami nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kazi nilianza Jumatatu baada ya alasiri. Gari juu ya stendi, gurudumu la kulia nje, jeki chini ya mkono wa nyuma, kile chuma kinachobeba gurudumu, na kipande cha mbao katikati. Hapo nilikuwa makini, kwa sababu Fundi alishanifokea: katika gari hili shoki ndiyo inayouzuia mkono usishuke kupita kiasi, ukifungua shoki bila jeki springi inaweza kuruka na kukuvunja taya. Nikaingiza kile chuma cha kubania, chenye sahani mbili na parafujo ndefu katikati, nikabana, nikafungua shoki kwa chini, nikateremsha jeki kidogo kidogo huku nikiichunga paipu ya breki isivutike. Springi ya zamani ikatoka vipande viwili, kutu ikimeguka kama kaki.

Upande wa kushoto nao hivyo hivyo. Raba zote mbili, zile pete nene zinazokaa kati ya springi na bodi, nikazitia ndani ya beseni moja, nikazisugua kwa sabuni ya mkaza mjomba ya kufulia. Zilitoka nyeusi zinang'aa. Nilijisifu sana kwa lile beseni.

Kuziweka mpya kulichukua mpaka magharibi. Ya kulia nilipokuwa naifungua parafujo, springi ilijigeuza kidogo, kama mtu anayehama ubavu usingizini. Ikalia "tik". Sikushughulika nayo.

Gari lilipotua chini, mjomba alitoka na kanzu yake ya kuendea msikitini, akasimama nyuma, akanyamaza. Kisha: "Mbona yaenda upande?"

Upande wa dereva ulikuwa juu. Mkaza mjomba, ambaye ni mshoni, akaleta futi yake ya kushonea, tukapima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kulia kumezidi kushoto kwa sentimita tatu. Tukazunguka mtaa mara moja, na kila tuta upande wa kulia ukalia "kong".

Asubuhi ya Jumanne nikamvamia yule mwenye duka. Mbele ya wateja. Nikamwambia ameniuzia springi za magari mawili tofauti, na watu kama yeye ndio wanaoua watu barabarani. Wala hakupandisha sauti. Akanionyesha boksi na namba zilizoandikwa juu yake. Akauliza, "Raba umezirudisha kila moja kwake?" Nikamjibu jibu ambalo hata leo siwezi kuliandika.

Fundi alirudi Jumatano jioni. Hakuuliza springi nimenunua wapi. Alisimama hatua kumi nyuma ya gari, akafumba jicho moja, akaguna. Kisha akalala chini, akapitisha kidole ndani ya bakuli la upande wa kulia, akanishika mkono na kukipeleka changu pale pale. "Sikia."

Bakuli lile si duara tupu. Lina mfereji uliobonyezwa kwa mzunguko wa springi, na mfereji unaishia kwenye ukingo. Mkia wa springi unatakiwa ulale mferejini, ncha yake ipo penye ule ukingo. Kushoto ilikuwa hivyo. Kulia, kidole changu kilikuta ncha imepanda juu ya ukingo, imening'inia, na chini yake uwazi wa kuingiza kucha. Ile "tik" ya Jumatatu ndiyo iliyokuwa ikilia "kong" kwenye matuta.

Tukaifungua tena, kwa taa ya kubebea. Raba ya kulia ilipotoka, Fundi aliipindua akanionyesha pembeni: vichuchu vitatu, vinundu vidogo vya raba. Ya kushoto kimoja. Nilivisugua kwa sabuni vyote vinne na sikujiuliza ni vya nini. Kumbe vichuchu ni vipimo: vikiwa vingi, raba ni nene. Springi hazitoki zote sawasawa, ndiyo maana hutiwa alama za rangi, na unene wa raba ndio unaosawazisha tofauti. Akaniona nikigeukia kushoto, akasema, "Ngoja. Usibadilishe tu. Za zamani zilisawazisha springi za zamani." Akazilaza springi mpya tukaangalia alama zao: rangi moja. Basi raba ziwe sawa. Akachakura kwenye mkebe wake wa vyuma akatoa nyingine ya kimoja, ya Benzi iliyokwisha kufa.

Safari hii springi ilipokuwa ikiachiwa, yeye alikuwa kwenye parafujo, mimi nimeushika mkia na bisibisi kubwa, nikiurudisha kila ulipotaka kugeuka, mpaka ukalala. Bushi za mkono, zile raba za kwenye maungio yake, hatukuzigusa. Alisema lau tungezilegeza, tungezikaza gari likisimama kwa magurudumu yake na uzito wake, si likiwa hewani, maana raba ya bushi iliyokazwa ikining'inia hujisokota gari likitua, na haifiki mwaka.

Futi ya mkaza mjomba ikatoa namba moja pande zote.

Ijumaa niliketi mbele na mjomba. Maji yalikuwa mbali, mteremko umekaa vibaya, pikapu iliyotutangulia ikaburuza bampa ikatoa cheche. Mjomba akasoma kitu kimoyomoyo, akaachia breki. Tuliingia kimya. Nyuma, bibi harusi na mashoga zake hata hawakukatisha mazungumzo.

Jumatatu mjomba alinipeleka dukani mwenyewe, halwa ya kilo moja mapajani mwangu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na nilipofika yakanitoka mawili: "Nisamehe, Mzee." Akaipokea halwa, akaiweka kwenye shelfu katikati ya plagi na filta, akatoka nje hadi barabarani. Akasimama nyuma ya Benzi, akafumba jicho moja.

"Vichuchu vingapi?"

"Kimoja kimoja."

Akaitika kwa kichwa, akarudi ndani, kulikuwa na mteja anataka fanbelti.