Boliti Iliyogoma: Jioni Niliyojifunza Kuifunga Bastola Yangu

Boliti, kile kipande cha chuma kinachoteleza nyuma ya mtutu, ilirudi nyuma kama sentimita moja, ikasimama. Nikaivuta tena kwa nguvu zaidi, ikasimama palepale kwa mlio mkavu wa chuma kugonga chuma. Ilikuwa saa mbili usiku, meza ya garaji imejaa vitambaa vyenye masizi, na bastola iliyofyatua vizuri mchana kutwa sasa ilikataa hata kukokiwa.

Ni Ruger Mark III, inayotumia risasi ndogo za .22. Naishi Columbus, Ohio, kwa kadi ya ukaaji wa kudumu, na sheria ya shirikisho hapa Marekani inamruhusu mtu wa namna yangu kumiliki silaha. Nilijaza fomu dukani, nikakaguliwa, nikaondoka nayo. Naitumia kulenga shabaha Jumamosi, basi. Huo ndio mchezo wangu, kama wenzangu walivyo na mpira.

Tatizo lilianzia kwenye kujiamini. Nilipita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kule Mafinga, Tanzania, enzi zile za mujibu wa sheria, na bunduki ya SMG tuliifungua na kuifunga macho yakiwa yamefungwa kitambaa, afande amesimama na saa mkononi. Mikono yangu ilikariri kazi ile kiasi kwamba mpaka leo nikifumba macho naweza kusema kipande gani kinafuata. Kwa hiyo nilipoileta Ruger nyumbani sikufungua kijitabu chake. Nilijiambia silaha ni silaha.

Kuifungua hakukunisumbua sana. Unatoa magazini, unavuta boliti na kutazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha unaingiza kidole kuhakikisha haina kitu. Unarudisha magazini tupu, unavuta triga ili nyundo ya ndani iangukie mbele, kisha unatoa magazini tena. Nyuma ya mpini kuna kilango kidogo cha chuma. Unakichokonoa kwa bisibisi nyembamba, mgongo wa mpini unafunguka kama bawaba, unauvuta chini na unatoka pamoja na pini ndefu iliyopenya mpaka juu ya bastola. Boliti inateleza kwa nyuma. Bomba la juu, lile lililoshika mtutu, unaligonga taratibu kwa nyundo ya plastiki linasogea mbele na kutoka kwenye fremu.

Na lazima isafishwe. Risasi za .22 zimepakwa nta, na nyingi vichwa vyake ni madini ya risasi matupu yasiyovikwa shaba, kwa hiyo baada ya mamia ya milio unakuta ute mweusi kila kona, hasa usoni mwa boliti na pale kwenye kucha inayong'oa ganda. Nilipiga brashi, nikafuta, nikatia mafuta tone moja hapa na pale. Mlango wa garaji niliuacha wazi na mikono niliiosha kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, maana masizi yale yana madini ya risasi na nina watoto ndani.

Kisha nikaifunga. Bomba likarudi, boliti ikaingia, pini ikapanda mpaka ncha yake ikaonekana juu, mgongo wa mpini ukajifunga laini kabisa. Nikafurahi. Nikavuta boliti ili nipime, na hapo ndipo ilipogoma.

Nilichofanya kwa nusu saa iliyofuata sikishauri kwa yeyote. Nilivuta kwa nguvu. Nilitia mafuta zaidi, kana kwamba tatizo ni ukavu. Nilifungua mgongo wa mpini na kuufunga mara tatu bila kubadilisha chochote, nikitumaini tu. Mwisho nikaishika ile nyundo ya plastiki nikitaka kuigonga boliti irudi, kisha nikasita. Kuna namna chuma kinavyokukatalia unapojua kwamba ukizidisha kitavunjika. Nikampigia shemeji yangu aliye Texas, mtu wa kulenga shabaha tangu ujana wake, kwa video.

"Shemeji, shikamoo. Bastola imenigomea."

"Marahaba. Kabla ya yote, risasi ziko wapi?"

"Ndani, kabatini, nimefunga."

"Magazini?"

"Hii hapa mezani, tupu."

"Vizuri. Sasa weka hiyo nyundo chini, naiona." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja: "Ulipokuwa unafunga mgongo wa mpini, ulihisi springi ikikusukuma?"

"Hapana. Ulijifunga wenyewe, laini."

"Basi hujaifunga. Umeifunika tu."

Swali lile lilibeba tatizo lote, na nataka kulieleza vizuri kwa sababu maelezo niliyokuwa nimesikia kwa watu wa klabu yalikuwa ya "tikisa mpaka ikubali". Si kweli. Haihitaji bahati.

Ndani ya mgongo wa mpini kuna springi kuu, ile inayoipa nyundo nguvu ya kupiga. Juu ya springi hiyo kuna kikombe kidogo sana. Nyundo nayo, ndani ya fremu, ina kijiti chembamba cha chuma kinachoning'inia kwa nyuma. Mimi nakiita mkia wa nyundo. Mkia huo haushikwi na chochote wakati bastola imefunguliwa. Unaning'inia tu, na unakwenda kule uzito unakouelekeza. Ncha yake ikitua kwenye kikombe, springi inausukuma na kila kitu kinafanya kazi. Ukikwama kwenye pini inayokatiza humo ndani ya fremu, mgongo wa mpini utajifunga bila ukinzani wowote, kwa nje bastola itaonekana kamili, lakini nyundo haina nafasi ya kulala chini, na boliti inayotaka kupita juu yake inaishia hapohapo. Ile sentimita moja.

SMG haina kitu kama hicho. Kila kipande chake ukikiweka mahali kinakaa. Hii inakutaka uishike kwa pembe fulani, mvutano wa dunia ukusaidie, na JKT hatukufundishwa hilo.

Baadaye nilisoma kwa nini imejengwa hivyo, na nikaiheshimu zaidi. William B. Ruger na Alexander Sturm walianza na babu wa bastola hii kule Southport, Connecticut, mwaka 1949, na umbo la boliti ya mviringo inayoteleza ndani ya bomba Ruger alilichukua kwenye bastola ya Kijapani, Nambu. Faida yake ni kwamba mtutu na vilengeo vyote viko kwenye bomba moja lisilotikisika unapofyatua, ndiyo maana inapiga palepale unapolenga. Lakini kwa kuwa hakuna kifuniko cha juu cha kuondoa, kila kitu cha ndani kinaingilia nyuma na chini, na mikono yako inafanya kazi mahali macho hayafiki.

Tulianza upya, shemeji akiwa kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la rangi. Nikafungua mgongo wa mpini, nikautoa na pini yake, nikatoa boliti. Kwanza bomba: alinitaka nihakikishe limerudi nyuma kabisa kwenye fremu, maana likibaki nywele moja tu mashimo hayalingani na pini haipiti. Nyundo nikailaza chini kwa kidole ili boliti ipite juu yake. Boliti ikaingia mpaka mbele.

Hapo ndipo nilipokosea tena. Kabla ya kurudisha pini, nyundo inatakiwa iwe imesimama mbele, imeegemea boliti, kama vile bastola imeshafyatuliwa. Nikavuta triga. Kimya. Nikavuta tena.

"Magazini, shemeji," akasema. "Mark III haishushi nyundo bila magazini ndani."

Mark II haina kizuizi hicho, na mtu aliyezoea ile ya zamani hukwama hapa. Nikaingiza magazini tupu, nikaelekeza mdomo wa mtutu chini, kwenye ndoo ya mchanga niliyoiweka sakafuni, nikavuta triga, nyundo ikaanguka mbele kwa uzito wake. Haina springi wakati huo, kwa hiyo usitegemee mlio. Ni kama kitu kinachojilaza tu. Nikatoa magazini.

Naomba msomaji asimame nami hapa. Kazi hii inakutaka uingize magazini na kuvuta triga, mara moja, mbili, wakati mwingine mara tano ukikosea kama mimi. Kila tulichofundishwa kuhusu silaha kinasema usifanye hivyo ovyo. Kwa hiyo ile kanuni ya risasi kukaa chumba kingine si ya kujionyesha. Mtu aliyechoka, aliyekasirika, saa tatu usiku, anayevuta triga kwa mara ya sita, hawezi kuamini kumbukumbu yake kwamba magazini hii ndiyo ile tupu. Mimi siku hizi naingiza kidole kwenye magazini kila ninapoiokota.

Kitu kingine, kwa wale wanaopenda kuifungua na boliti yenyewe: kuna kipini kidogo kinachopita ubavuni na kuizuia sindano, ile inayogonga risasi ilipuke, isiende mbele kupita kiasi. Ukikisahau mezani kisha ukavuta triga, sindano itagonga ukingo wa chemba na kuuchubua. Mimi sindano siigusi katika usafi wa kawaida.

Tukarudi kwenye pini. Nikaisukuma juu kupitia fremu, bomba na boliti, mpaka ncha ikachomoza juu na kukaa usawa wake. Mgongo wa mpini bado uko wazi, unaning'inia. "Sasa inua mdomo wa mtutu kidogo," akasema shemeji, "na chungulia humo ndani." Nikawasha tochi. Nikauona mkia wa nyundo ukijisogeza wenyewe nyuma, huru, kuelekea kwenye uwazi wa mpini. Baada ya kuhangaika kote kule, tatizo lilikuwa kijiti chembamba namna hiyo. Nikaufunga mgongo wa mpini polepole sana, na katika robo ya mwisho ya safari yake nikahisi springi inausukuma mkono wangu.

"Umehisi?"

"Nimehisi."

"Usiulegeze. Malizia, kisha funga kilango."

Kilango kililia kidogo kikajibana. Nikavuta boliti. Ikarudi mpaka mwisho, sauti yake nzito ya kawaida, nikakaribia kumwita mama watoto aje aisikie. Tukapima: sefti ikapanda, na hiyo peke yake ni dalili njema, kwa kuwa kwenye bastola hii haikubali kupanda mpaka nyundo iwe imekokiwa. Sefti ikashuka, magazini tupu ndani, triga, mlio mmoja safi. Nikavuta boliti tena na ikabaki wazi nyuma, kama inavyopaswa kukaa magazini ikiwa haina kitu.

Mwaka 2016 walitoa Mark IV, ambayo unabonyeza kitufe kimoja nyuma na bomba lote linainuka kama mfuniko wa sanduku. Mtu wa klabu aliniambia niuze hii ninunue ile. Sitauza. Nimeshajua mkia wake unaishi wapi.

Jumamosi iliyofuata nilianza na risasi mbili tu kwenye magazini, nikasimama, nikakagua chemba, kisha tano, kisha kumi. Hakuna iliyokwama. Jioni niliifungua tena mezani palepale, safari hii bila simu, na ile robo ya mwisho nikaenda nayo polepole mpaka springi iliponisukuma kiganja.