Alama nne za kijana asiye na mwenzi

Katika kliniki ya vijana ninakofanya kazi, dodoso hutangulia kabla ya daktari kuuliza lolote. Utaratibu huo naupenda, kwa sababu mambo ya nguvu za kiume vijana huyasimulia kijiweni kwa majigambo, lakini mbele ya daktari huinamisha vichwa. Kinachonisumbua ni namna tunavyozisoma alama zake.

Dodoso la kupima nguvu za kiume linalotumika zaidi duniani ni lile liitwalo kwa kifupi IIEF, lililochapishwa mwaka 1997 na Raymond Rosen na wenzake likiwa na maswali 15. Lilitengenezwa sambamba na majaribio ya sildenafil, dawa ya kusaidia uume kusimama, na waliolengwa hasa walikuwa wanaume watu wazima wenye wake au wenzi wa kudumu. Mwaka 1999 likafupishwa kuwa maswali matano yanayohusu miezi sita iliyopita. Alama za juu kabisa ni 25. Anayepata 22 au zaidi huhesabiwa mzima, na anayepata 7 kushuka chini huhesabiwa kuwa na tatizo kubwa.

Sasa mchukue kijana wa miaka 20, hajaoa, hana mpenzi, na kwa sababu ya dini yake au kwa uamuzi wake tu hajawahi kujaribu tendo la ndoa. Swali la kwanza linamuuliza anajiamini kiasi gani kwamba uume wake unaweza kusimama na kubaki hivyo; anajipa 4. Maswali manne yanayofuata yana jibu la sifuri kwa ambaye hakujaribu, naye, kwa uaminifu wote, anazungushia sifuri mara nne. Jumla ni 4. Kwa hesabu hiyo, kijana mwenye afya tele amewekwa kundi moja na mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake imeharibika, na akitoka hapo na hofu hiyo, wauza dawa za kuongeza nguvu wanamsubiri barabarani.

Ndiyo maana mimi humuuliza kwanza kama alijaribu. Kama hakujaribu, sijumlishi kitu. Namuuliza kama huamka asubuhi uume ukiwa umesimama, hamu yake ikoje, usingizi wake, pombe, dawa anazotumia na mawazo yanayomlemea. Anayesimamisha vizuri alfajiri lakini akashindwa mbele ya mwenzi, mara nyingi mishipa na neva zake hazina kasoro, na hapo mazungumzo huelekea kwenye wasiwasi.

Mahali pa kujazia nako kuna uzito wake. Katika utafiti wa mwaka 1995 nchini Marekani, vijana wa kiume waliosikiliza maswali kwa kompyuta yenye sauti walikiri kufanya ngono na wanaume wenzao kwa asilimia 5.5, ilhali kwa waliojaza karatasi ilikuwa asilimia 1.5. Kwetu Mwanza, watafiti wa MEMA kwa Vijana, mradi wa afya ya uzazi kwa vijana, walikuta vijana waliokana kuwahi kufanya ngono, huku vipimo vya maabara vikionyesha vinginevyo. Kwa hiyo kumjazisha kijana kwenye benchi la korido, jirani akichungulia, ni kumlazimisha aseme uongo. Apewe chumba, mlango ufungwe.

Na kwa wenzangu tunaojaza mafaili: pale penye alama 4 za kijana wa namna hiyo, andikeni kwa maneno, "Hakujaribu ndani ya miezi sita", na nafasi ya jumla iachwe wazi.